Muvi zako hazikai kwa alfabeti? Dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Wakuu, kupanga muvi A mpaka Z kunaonekana kazi ya mtoto wa darasa la tatu mpaka uikalie mwenyewe. Una hard disk, una flashi kibao, una boksi la CD za enzi za deki, unajipa jumapili nzima unapanga, afu jioni mama anauliza ile Rambo ya kwanza iko wapi na bado unaitafuta. Alfabeti yenyewe haina shida. Kinachosumbua ni jina, kwa sababu muvi moja inakuwa na jina la kwenye kava, jina la kwenye faili, jina iliyopewa ilipofika Marekani, na jina wanaloliita watu wa nyumbani kwako, na usipoamua lipi linatawala hakuna programu itakayokuokoa. Msimamo wangu ni kwamba linatawala jina atakaloliita anayetafuta, hata kama sio la kwenye kava. Mengi ya hapa chini yanaanzia hapo.

"Nusu ya muvi zangu zimejazana T"

Chanzo ni The. Kompyuta haijui kwamba The sio jina, inaona T inaiweka T, kwaiyo The Matrix, The Godfather na The Gods Must Be Crazy wote wanakaa chumba kimoja hata kama hawajuani. Wenye maktaba zao wanaihamishia mwisho, Matrix, The (1999), na inafanya kazi vizuri tu, ila mi naona kwa matumizi ya nyumbani ifute kabisa, maana sijawahi kusikia mtu sebuleni akisema niwekee The Matrix, anasema weka Matrix. Na A na An zinazoanza jina zifanyie hivyo hivyo.

Ukitumia zile programu za kupanga na kuonyesha muvi kama Kodi, Jellyfin au Plex, Kodi ina seting ya kuruka hivyo vineno wakati wa kupanga, Jellyfin inaviruka yenyewe, na Plex ina sehemu ya kuandika jina la kupangia tofauti na jina linaloonekana, kwaiyo huko huna haja ya kugusa faili. Lakini ukichomeka flashi moja kwa moja kwenye TV hizo akili hazipo, ndo maana nasema safisha jina la faili lenyewe.

Angalia mtego mmoja hapa. Ukiiambia programu ifute kila A ya mwanzo itakula hadi A.I. Artificial Intelligence (2001), ambayo hiyo A ni kifupisho, na anayefuta La na Le za kifaransa ataiharibu La La Land. Pitia kwa macho kabla hujabonyeza kubali.

"Zimejipanga lakini kwa herufi za ajabu, mwanzo kuna mabano na majina ya tovuti"

Hizi ni zile ulizopewa na mtu aliyepewa na mtu. Jina linaanza na mabano, tovuti, sijui 1080p, afu ndo jina la muvi katikati huko. Kwenye Windows mabano yanapangwa kabla ya herufi, kwaiyo zote hizo zinapanda juu kabisa ya listi. Tumia Advanced Renamer au Bulk Rename Utility kwenye Windows, au PowerRename iliyo ndani ya PowerToys za Microsoft, unaandika kipande unachotaka kitoke kinatoka kwenye mafaili mia kwa mpigo. Kabla ya hapo kopi foda moja dogo pembeni ujaribie humo.

Hapo hapo maliza na suala la nafasi. Kuna majina yana nafasi kati ya maneno, mengine nukta, mengine mstari wa chini, na kwenye TV nyingi nafasi inatangulia nukta na nukta inatangulia mstari wa chini, kwaiyo muvi za mfululizo mmoja zinagawanyika makundi matatu na wewe unadhani moja imepotea kumbe iko chini kidogo. Zote weka nafasi ya kawaida. Na alama ya & ibadilishe iwe and, usichanganye, kwa sababu & inapangwa mbali kabisa na neno and.

"Muvi za mfululizo zimetawanyika, part one iko F, part two iko R"

Hapa ndo penye kazi. Chukua Rambo. Ya kwanza, ya 1982, inaitwa First Blood tu, Rambo haimo kwenye jina. Ya pili ni Rambo: First Blood Part II (1985), ya tatu Rambo III (1988), afu 2008 wakatoa moja inaitwa Rambo kavu, na 2019 ikaja Rambo: Last Blood. Ukizipanga kwa uaminifu wa alfabeti ya kwanza inaenda F peke yake, na ukifika R ya kwanza kukutana nayo ni ile ya 2008. Yaani mtu anayetaka Rambo ya kwanza anafungua ya nne na anaona mzee.

Fast and Furious ndo kabisa, wale jamaa ni kama waliapa kutotumia jina lile lile mara mbili. The Fast and the Furious (2001), 2 Fast 2 Furious (2003), The Fast and the Furious: Tokyo Drift (2006), Fast & Furious (2009), Fast Five (2011), Fast & Furious 6 (2013), Furious 7 (2015), The Fate of the Furious (2017), F9 (2021), Fast X (2023). Ziache hivyo hivyo uone: moja inaenda kwenye namba, tatu zinaenda T ukiwa hujafuta The, F9 inatangulia ile ya mwanzo kabisa, na Furious 7 inaangukia mwisho wa F baada ya ya kumi.

Dawa ni moja, jina la mfululizo linatangulia, linafuata namba, kisha jina lake halisi na mwaka:

Rambo 1 - First Blood (1982)
Rambo 2 - First Blood Part II (1985)
Fast and Furious 01 - The Fast and the Furious (2001)
Fast and Furious 05 - Fast Five (2011)
James Bond 21 - Casino Royale (2006)
James Bond 23 - Skyfall (2012)

Kuna watakaosema hiyo sio alfabeti halisi. Sawa, lakini hakuna dogo anayekuja kuomba The Fate of the Furious, anaomba Fast ya nane, na James Bond ukimtafuta kwa majina ya muvi zake utazunguka rafu nzima toka C ya Casino mpaka Y ya You Only Live Twice. Namba zifuate mwaka wa kutoka, usianze kufuata mtiririko wa stori, maana Tokyo Drift kwa stori inatokea baada ya ya sita na ukianza huo mchezo kila atakayegusa foda atakuja na hoja zake.

Angalia pia namba za kirumi. Rocky II, III, IV na V zinajipanga vizuri kwa bahati tu, ila Rocky Balboa ya 2006 inaingia kabla ya Rocky II kwa sababu B inatangulia I. Star Wars ndo inakudhihaki kabisa, IX inakuja kabla ya V, kwaiyo ya tisa inakaa baada ya ya nne. Geuza zote ziwe namba za kawaida.

"Nimeipata lakini sio yenyewe"

Dalili ni kwamba unafungua jina sahihi inatokea muvi nyingine. Chanzo cha kwanza ni muvi mbili zenye jina moja. Don kuna ya Amitabh Bachchan ya 1978 na ya Shah Rukh Khan ya 2006. Agneepath kuna ya 1990 na ya 2012. Mzee akisema Don anamaanisha moja, binti yake anamaanisha nyingine, na wote wako sahihi. Mwaka kwenye mabano kila faili, bila kuruka hata moja, na Kodi na Jellyfin nazo zinautumia huo huo mwaka kujua ni ipi zikitafuta kava.

Chanzo cha pili ni muvi iliyobadilishwa jina njiani, na mabingwa wa hii ni muvi za Bruce Lee. The Big Boss ya 1971 ilipopelekwa Marekani ikaitwa Fists of Fury. Sasa Fist of Fury yenyewe, ya 1972, jina likawa limeshachukuliwa, kule ikaitwa The Chinese Connection. The Way of the Dragon ikaitwa Return of the Dragon. Kwaiyo CD mbili zenye kava zinazofanana jina zinaweza kuwa muvi tofauti, na CD mbili zenye majina tofauti zikawa muvi ile ile. Usihangaike na kava, fungua uangalie dakika chache: kama steringi anafanya kazi kiwanda cha barafu hiyo ni The Big Boss, kama uko Shanghai na analipiza kifo cha mwalimu wake hiyo ni Fist of Fury, kama yuko Roma na mwishoni anapigana na Chuck Norris hiyo ni The Way of the Dragon. Ukishajua tumia jina la kwanza, la Hong Kong, halafu mi nazianza zote na Bruce Lee kwa sababu hakuna anayezitafuta kwa jina jingine.

Ya kwetu pia ina hili. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021 huko nje inajulikana kama Tug of War, na ukiacha programu ijaze majina yenyewe inaweza kuipeleka T. Muvi ya kiswahili iache na jina la kiswahili, iende V. Hiyo alama ya juu kwenye N'kuvute nayo iandike namna moja siku zote, kwa sababu simu zinaweka alama iliyopinda na kompyuta inaweka iliyonyooka na kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti, ukisachi hupati.

Herufi zenye vikofia na mikwaju ni ndugu wa tatizo hili. Léon au Amélie kwenye baadhi ya TV inasukumwa mbali na wenzake kwa sababu é inahesabiwa baada ya z. Andika Leon, andika Amelie, wafaransa watatusamehe.

"Kwenye laptopu zimekaa sawa, nikichomeka kwenye TV zimevurugika"

Hili linaulizwa sana na majibu mengi yanayotolewa ni ya kubahatisha. Vyanzo viko vinne, anza kwa kuangalia TV imezipanga vipi.

Kwanza angalia kama kuna kitufe cha kupanga kwenye hiyo TV, inawezekana imewekwa ipange kwa tarehe. Badilisha, umemaliza.

Ukiona 1, 10, 11, 12, afu ndo 2, hiyo TV inasoma herufi moja moja kutoka kushoto, wakati Windows inasoma namba nzima kama namba. Mfano mzuri ni muvi zinazoanza na namba: kwenye laptopu utaona 3 Idiots, 12 Angry Men, 300, 1917, 2012, ukienda kwenye TV zinakuwa 12 Angry Men, 1917, 2012, 3 Idiots, 300. Wala sio flashi mbovu. Kwa mfululizo dawa ni sifuri mbele, 01, 02, 03. Jumong ina epizodi 81 kwaiyo tarakimu mbili zinatosha, tamthilia ndefu zinazovuka 99 weka 001. Kwa muvi moja moja zinazoanza na namba zikubali zikae juu kwenye kundi lao, kuziandika kwa maneno ni kujitafutia kazi, Three Hundred nani atakumbuka.

Ukiona majina yenye herufi kubwa yote yako juu na yanayoanza na herufi ndogo yote yako chini, TV inahesabu herufi kubwa zote kabla ya ndogo. Anza kila jina na herufi kubwa basi.

Ukiona hakuna mpangilio wowote unaoeleweka, na hiyo muvi uliyoiweka jana iko mwisho au imeibukia katikati bila sababu, basi hicho kifaa hakipangi kabisa. Redio za gari, deki na TV za bei ya chini ziko hivi, zinaonyesha mafaili kwa mpangilio yalivyoandikwa kwenye flashi. Ukifuta faili nafasi yake kwenye orodha ya flashi inabaki wazi, ukiweka jipya linaweza kukalia hapo hapo, ndo maana linatokea katikati. Kubadili majina hakusaidii hata ufanye mpaka asubuhi. Kama flashi imefomatiwa kwa FAT32 (ule mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili) tumia DriveSort kwenye Windows au fatsort kwenye Linux, inapanga upya hiyo orodha bila kugusa muvi zenyewe. Huna programu, kopi kila kitu kwenye kompyuta, fomati flashi, rudisha zikiwa zimeshapangwa, na wakati unaburuta hakikisha umeshika faili la kwanza kwenye listi, kwa sababu Windows huanza kukopi na lile uliloshika.

"Nimebadili majina, sasa sabutaitli zimepotea"

Hazijapotea. Faili la sabutaitli, lile la .srt, lazima liwe na jina sawasawa na la muvi, herufi kwa herufi, ukibadili moja badili na jingine. Na kama muvi yenyewe haifunguki tena basi ulifuta .mp4 au .mkv ya mwishoni, irudishe, kwenye View weka tiki kwenye File name extensions uwe unaiona. Windows ikikataa jina ujue umeweka alama isiyokubalika: nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, mkwaju. Ndo maana kwenye mifano ya juu nimetumia kistari badala ya nukta mbili.

"CD kwenye rafu hazikai hata wiki"

Wenye CD bado tupo msitucheke. Kwanza bongo muvi nyingi ziliuzwa part 1 na part 2 kila moja na kava lake, na mara nyingine part 2 ina maandishi makubwa ya jina la msanii kuliko jina la muvi, kwaiyo mtu anaipanga kwa Kanumba wakati part 1 iko kwa jina la muvi. Funga mbili pamoja na raba, imeisha.

Zile diski za muvi nane kwa moja usijaribu kuziingiza kwenye alfabeti, hazina herufi. Zipe sehemu yao mwishoni mwa rafu, kila moja na namba, kisha kwenye daftari andika majina ya muvi kwa alfabeti na mbele yake namba ya diski. Commando, diski 4. Zilizotafsiriwa kiswahili, za Lufufu au za DJ Afro kwa majirani zetu Kenya, nazo mi naziweka kwenye rafu yake, ndani yake ndo A mpaka Z, kwa sababu anayetaka Anaconda ya kutafsiriwa ukimpa ya kizungu hajaipata.

Halafu usijaze rafu mpaka mwisho. Ukijaza, CD moja mpya ya B inakulazimisha usogeze kila kitu mpaka Z, na ndo siku unayokata tamaa unaanza kuzilaza juu ya zingine. Acha upana wa viganja viwili kila baada ya herufi chache, na M na S ziachie zaidi, zinajaa haraka.

Chanzo kikubwa cha rafu kuvurugika lakini ni watu. Shemeji kachukua ya K karudisha kwenye D, watoto ndo usiseme. Usiwafundishe alfabeti, waambie tu kila inayotoka irudi kwenye boksi hili hapa chini, wewe ndo unarudisha kwenye rafu. Ya kuazima weka kipande cha boksi mahali ilipotoka chenye jina la aliyechukua na tarehe, hapo hata yeye akija akiona jina lake anakumbuka bila kuambiwa.

"Kuna muvi moja inagoma kuingia kwenye flashi, na nafasi ipo"

Angalia ukubwa wake. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi hata iwe na nafasi ya GB 60. Fomati iwe exFAT, mfumo mpya zaidi unaopokea mafaili makubwa, ila kabla ya hapo angalia TV yako inaisoma exFAT kwa kuazima flashi ya mtu ambayo iko hivyo, TV za zamani nyingi haziisomi, na kama haisomi tafuta kopi ndogo ya hiyo muvi uendelee na FAT32 yako. Na kumbuka ukifomati orodha inaanza upya, kwaiyo rudisha mafaili yakiwa yameshapangwa, sio unatupia ovyo kesho unarudi kuuliza mbona kwenye redio ya gari zimevurugika.